Mvua za Magoti ya Mama

2 Machi, Jumapili

Mvua imeingia leo mchana bila hodi. Magoti ya Mama yalishasema tangu juzi. Alikuwa anajishika anasema, "Anueni nguo, zinakuja," na jua lilivyokuwa linawaka tukamcheka. Leo tumeanua mbio, na tumelowa.

Nikiandika Mama, ni mama wa mume wangu. Aliyenizaa alifariki sijang'oa meno ya utoto, kwa hiyo huyu simwiti mkwe. Ni fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, na chumba cha mbele ndicho kiwanda chetu. Ana baridi yabisi ya magoti yote mawili, la kulia ndilo korofi. Kiangazi anakanyaga vizuri. Mvua zikianza anakanyaga huku ameuma kona ya kitambaa.

Wifi yangu alikuja na mwavuli na boksi dogo. Akaliweka juu ya meza ya kukatia, akasema kabla hajakaa, "Mama, hiki ni kimashine cha kutuliza maumivu. Kinapeleka umeme mdogo kwenye mishipa ya fahamu. Ni wa betri, hauui mtu. Kijaribu mvua hizi. Zikiisha na bado unatembea kwa kushika kuta, nakuja na gari nakuchukua, ukae kwangu. Kwangu chini ni vigae na choo kimo ndani."

Mama akamjibu, "Umeme ni wa kuwasha taa, si wa kuwasha magoti."

Wifi hakucheka. Huwa hacheki hapa kwetu. Mume wangu alikuwa anasukuma sufuria chini ya tone la paa. Kazi yake ni fundi bomba, anaziba maji ya watu mji mzima. Kinyozi hajinyoi.

Wifi alipoondoka nikamuuliza Mama kama kweli ataenda. "Nikakae kwenye vigae nifanye nini? Niangaliwe kama ua la plastiki?" Lakini hakusema kwamba hataenda. Hapo ndipo moyo wangu ulipoingia maji.

4 Machi

Mvua kutwa. Bosi amejifunza kusema "tone". (Bosi ni mwanangu. Ana mwaka na ushee, hana kazi, na nyumba nzima inamtumikia.)

6 Machi

Leo tumefungua boksi. Kimashine chenyewe kinaenea kiganjani. Kina nyaya, na vibandiko vinne vyenye ubaridi wa utomvu upande mmoja. Karatasi ya maelezo ina lugha tatu na hakuna hata moja yetu. Mimi niliishia darasa la saba, Mama hata huko hakufika, basi tukasoma picha. Picha ya goti inaonyesha vibandiko viwili juu na viwili chini, pembeni pembeni. Haya. Nikambandika.

Havikushika. Kimoja kiliteleza kama sabuni, kingine kikajikunja. Nikavikandamiza, nikawasha, nikapandisha namba. Mama akasema hasikii kitu. Nikapandisha tena. Hasikii. Nikapandisha. Kumbe kona moja tu ya kibandiko ndiyo iliyokuwa imegusa ngozi vizuri, na umeme wote ukapita hapo hapo. Mama aliruka kitini, yeye ambaye kusimama tu humchukua dua mbili.

"Umeniponya!" akasema. "Umeona nilivyoruka? Sasa kitoe, usije ukaniua nimeshapona."

Bosi akapiga makofi. Tulicheka hadi nikashika mbavu, ila alipokaa nilimwona anauma mdomo. Kimashine kimerudi kwenye boksi, boksi limepanda juu ya kabati.

9 Machi, Jumapili

Wifi kauliza, "Kinasaidia?"

Mama kajibu, "Sana."

"Mbona kiko juu ya kabati?"

"Kimepumzika."

Wifi alinitazama mimi, si Mama. Nikajifanya natafuta sindano.

13 Machi

Sikulala vizuri nikifikiria yale macho ya wifi. Asubuhi nikamwambia Mama twende hospitali ya wilaya, kwa yule kijana wa mazoezi ya viungo, atuonyeshe. Kagoma. Nikamwambia basi nitaenda na magoti yake peke yangu. Akacheka, akavaa viatu.

Kijana yule ana mikono mikubwa kama makasia na sauti ndogo. Alimuuliza Mama maswali mengi kwanza. Ana kidonda mguuni? Ana ganzi? Amewahi kuanguka kifafa? Ana kifaa chochote cha moyo kifuani?

"Kifuani nina kikohozi na siri za watu," Mama akasema.

Kisha akaniuliza mimi, "Kabla ya kubandika, mnapaka nini?"

Nikajibu kwa maringo kabisa kwamba kila asubuhi namchua Mama kwa mafuta ya mkaratusi, magoti yote, mpaka yanang'aa. Kijana akatabasamu. "Ndiyo maana. Kibandiko hakishiki kwenye mafuta. Kikishika kona moja, kinauma kama nyuki. Osha kwa sabuni, kausha, ndipo ubandike. Mafuta baadaye."

Nilikubali, lakini kwa shingo upande. Yale mafuta ndiyo namna yangu ya kumwamkia Mama. Kumbe upendo wangu ndio uliokuwa unamwangusha.

Akambandika, akapandisha polepole. Nikautazama uso wa Mama. Kwanza ulijikunja, ukingoja kuumwa. Halafu ukakunjuka.

"Unasikiaje?"

"Kama siafu waliovaa soksi," Mama akasema.

Hapo kijana akamkalisha kitini na kumsimamisha, kaa, simama, kaa, simama, tena bila kushika. Alikuwa anaeleza huku anahesabu. "Mama, goti lako limechakaa kama kola ya shati la kazi. Hiki kimashine hakishoni kola mpya. Kinanyamazisha maumivu kwa muda tu. Nusu saa, asubuhi, mchana, jioni. Na muda huo maumivu yakiwa kimya, ndio wa kufanya mazoezi, ili nyama za paja zibebe uzito badala ya goti."

Mama alisikia neno moja, kinanyamazisha. Nami, niseme ukweli, ndilo nililolisikia zaidi.

Njiani amempa jina: Daktari Simama-Kaa.

18 Machi

Leo Mama ametoka hadi kwenye kamba ya nguo na kurudi bila kushika ukuta. Mvua ilikuwa inanyunya. Nilikuwa jikoni nikamwona kupitia dirishani, nikanyamaza kabisa, kama mtu aliyeona ndege na anaogopa kumfukuza.

21 Machi

Tumebadilisha zamu. Asubuhi ni sabuni na kimashine, jioni kabla ya kulala ndipo namchua mafuta. Yeye anasema ya jioni ni matamu zaidi kwa sababu simwambii aharakishe.

24 Machi

Leo hakikusaidia. Mvua kubwa, baridi, Mama kavimba uso kwa kununa. "Siafu wako wamelala," aliniambia. Kesho wataamka. Nimeona kiko hivyo, siku nyingine kinampunguzia nusu, siku nyingine kidogo tu. Lakini kidogo ni kidogo, si sifuri.

29 Machi

Mwenye kiwanda cha mikate kule kona alikuja kutafuta fundi wa kushona aproni za wafanyakazi wake wote. Mume wangu akasema, "Mama, mvua hizi, mwambie baada ya mwezi wa tano." Mama akamjibu yule bwana kana kwamba mwanawe hayumo chumbani, "Lete kitambaa."

Usiku mume wangu kanong'ona, "Dada akisikia, atasema." Nami nikamwambia, "Kwani dada yako ana masikio mangapi?" Ni mtu mzuri mume wangu, lakini kati ya mama yake na dada yake amekaa kama ulimi kati ya meno.

2 Aprili, Jumatano

Nitaandika yote leo maana nikilala nayo yataniumiza.

Asubuhi nilimpeleka Bosi kliniki ya chanjo. Foleni ilikuwa ndefu, mvua ikatuzuia, tukarudi mchana umekwenda. Nikiwa bado barabarani nikasikia cherehani. Si ule mlio wa mvua hizi, wa kukanyaga na kupumzika, kukanyaga na kupumzika. Ilikuwa inalia moja kwa moja kama zamani, kama nilivyoikuta nilipoolewa. Nilisimama pale kwenye matope na mtoto mgongoni, nikasema asante Mungu, kwa sauti, mpita njia akageuka.

Niliingia nikamkuta Mama ameinama, uso unang'aa. Vibandiko alijibandika mwenyewe, viwili goti hili na viwili lile, na kimashine amekichomeka kwenye mkanda wa sketi. Aproni zimelundikana kando.

"Kuanzia saa ngapi?" nikamuuliza.

"Toka ulipotoka. Sisikii kitu, mwanangu! Nimerudi usichana. Nipe ile ya bluu."

Na mimi je? Nilimpa ile ya bluu. Nilimletea chai pale pale ili asinyanyuke. Nikakaa chini nikawa nakata nyuzi na kukunja pindo, tunaimba, Bosi analala juu ya vitambaa. Ilikuwa siku nzuri. Ndilo linaloniumiza, kwamba ilikuwa siku nzuri sana.

Jioni betri ikaisha. Kimashine kikanyamaza. Mama akaweka mikono mezani asimame, akabaki hapo hapo. Akajaribu tena. Akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Miguu haipo," alisema.

Mimi na mume wangu tulimbeba hadi kitandani. Goti la kulia limevimba na limepata moto. Hakulia. Alisema tu, "Msimwambie dada yenu."

4 Aprili

Goti limekuwa boga. Anakwenda chooni tumemshika huku na huku, na choo kiko nje, na mvua haina huruma. Alisema samahani kila hatua. Nilimwambia akisema tena nitamwacha hapo hapo aote uyoga.

6 Aprili, Jumapili

Wifi hakuhitaji kuambiwa. Aliingia, akainua shuka, akaona.

"Nani alikubali ashone kutwa nzima?"

Mama akasema, "Nilijikubalia."

"Sikuulizi wewe, Mama. Wifi, nakuuliza. Ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwepo. Nilimpa kitambaa.

"Ulimpa kitambaa." Alirudia polepole. "Nimeleta kitu cha kumpumzisha, nyinyi mmekifanya mjeledi wa punda."

Mume wangu akasema, "Dada, taratibu." Akaambiwa, "Wewe ziba paa." Akaenda kweli kutafuta ngazi.

Mimi nilijibu vibaya. Nilisema, "Wifi, kuleta boksi kila mtu anaweza. Mimi ndiye ninayemshika usiku akienda chooni." Neno likishatoka halirudi. Alikaza midomo, akatoa siku. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano atakuja na gari. Si kuuliza, kuchukua. Mama aligeukia ukutani, wala hakumpinga. Kwa mara ya kwanza hakumpinga.

8 Aprili

Mwenye duka jirani alituazima gari lake, tukaenda kwa Daktari Simama-Kaa. Nilidhani atatugombeza. Alilikanda goti kwa vidole, akatuuliza imekuwaje, nikamsimulia bila kuficha.

"Maumivu ni mlinzi wa mlango," alisema. "Hiki kimashine kinampa mlinzi chai akae kidogo. Hakimfukuzi kazi. Nyinyi mlinzi akinywa chai mmebeba nyumba nzima mkahama."

Mama alicheka. Ndicho kicheko cha kwanza tangu Jumatano ile.

Amesema apumzike, kitambaa cha maji baridi, mguu juu ya mto. Uvimbe ukishuka arudie kimashine kwa kipimo chake na mazoezi kidogo kidogo. Na kukanyaga? Nikamuuliza hilo, maana ndilo tulilolifuata. Akasema, "Kidogo, baadaye. Kutwa, hapana. Si mvua hizi, wala si kiangazi."

Kwenye gari Mama aliitazama miguu yake njia nzima. Mimi pia. Fundi aliyeambiwa asikanyage, ni fundi wa nini?

11 Aprili

Aproni zimebaki, mwenye mikate anasubiri. Nimekaa kwenye cherehani. Naweza kupinda na kuweka vifungo, lakini miguu yangu na gurudumu havijaelewana. Nikikanyaga, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Mama kanitazama kutoka kitandani kupitia mlango ulio wazi.

"Unakanyaga kama unaua mende."

12 Aprili

Uzi umekatika tena.

13 Aprili

Umekatika. Wifi hakuja leo. Nyumba ilikuwa shwari na sikuifurahia hata kidogo.

15 Aprili

Mama kahamishia kiti chake karibu na cherehani, mguu juu ya kigoda. Akanishika kifundo cha mguu kwa mkono wake, akawa anakisukuma na kukirudisha, kisigino, kidole, kisigino, kidole, kama anavyomfundisha Bosi kutembea. "Gurudumu lisukume kwa mkono kwanza, lijue linakokwenda. Halafu lifuate. Usiliamrishe." Nimeshona mshono mzima bila uzi kukatika. Umepinda kama njia ya ng'ombe, lakini ni mzima!

Amefumua akanirudishia.

22 Aprili, Jumanne

Wifi kaja leo, siku ya kazi, mvua inamwagika. Mama alikuwa amelala. Nilijiandaa kwa vita. Yeye akavua viatu, akaenda uani, akaanza kufua mashuka ya Mama bila kuniambia neno. Nikaenda nikakaa upande wa pili wa beseni, nikashika ncha nyingine ya shuka, tukalikamua tukiangaliana.

Akaanza yeye. "Wifi, unajua kila asubuhi simu ikilia nafanyaje? Siipokei upesi. Naitazama kwanza. Nasema leo ameanguka kwenye yale matope ya njia ya chooni." Akaendelea kukamua ingawa shuka lilikwisha kukauka mikononi mwake. "Nyinyi mnamwona anapocheka. Mimi nikiwa kwangu namwona anaanguka tu."

Miaka yote hii nilidhani ni mtu wa amri. Nikamwambia ukweli wangu na mimi, kwamba naogopa. Kwamba mama mmoja nilishampoteza, na huyu akiondoka kwa gari sitajua asubuhi nianzie wapi.

"Hafi, wifi. Anahama."

"Najua. Moyo ndio haujui."

Akanirushia povu la sabuni. Nilishangaa hadi nikasahau kumrudishia. Alipoondoka alimwacha mume wangu na maneno machache, na leo jioni mume wangu amebeba mawe na mchanga. Anajenga njia ya kwenda chooni, na chuma cha kushikia pembeni. Kumbe bomba kuukuu lilikuwepo nyuma ya nyumba siku zote.

26 Aprili

Uvimbe umeshuka. Siafu wamerudi kazini, nusu saa kwa nusu saa. Nazima mimi, si yeye. Tumekubaliana.

1 Mei

Leo tumegundua kazi mpya, au niseme Mama ameigundua. Mimi nakanyaga, yeye anakata. Amekaa kwenye kiti kirefu, meza kifuani, mkasi unatembea kwenye kitambaa kama unajua nyumbani. Hakuna mtu hapa mtaani anayekata kama yeye, anakata kola kwa kutazama shingo ya mtu tu. Zamani nusu ya siku yake iliishia kwenye kukanyaga. "Kumbe nilikuwa naipoteza akili miguuni," akasema.

Kila akimaliza vipande vya aproni moja, simama, kaa, simama, kaa. Bosi naye anafanya. Akikaa, anakaa na matako yote kwa kishindo, kisha anajipigia makofi.

7 Mei

Mvua asubuhi, jua mchana. Njia ya chooni imekamilika. Mama ameipita peke yake, akamwambia mume wangu, "Sasa ziba na paa." Ameziba.

11 Mei, Jumapili

Wifi kaja, kakagua njia, katikisa chuma kwa mikono miwili. Hakikutikisika. Akasema "Mm." Nikadhani amelegea. Lakini wakati wa kuaga akasema gari ameshalipata, la dereva mmoja wa ofisini kwao. Mama akamwambia, "Sawa." Sawa tu!

Sikumwelewa Mama. Jioni nikimchua mafuta nikamuuliza, "Unaenda kweli?"

"Nimechoka kuwa sababu ya nyinyi wawili kununiana."

Nikamwambia hatununiani tena, tunafua pamoja. Alifumbua jicho moja akanitazama, akalifumba.

19 Mei

Mvua zimekuwa chache. Nimemshonea Mama gauni la safari bila yeye kujua, kwa siri wakati wa usingizi wake wa mchana. Naitakia heri safari nisiyoitaka. Nimejiambia kama kule goti lake litapona zaidi, mimi ni nani nilishikilie goti la mtu?

23 Mei

Nimemwambia hivyo hivyo. Nimesema, "Mama, ukitaka kwenda, nenda. Sitalia." Kisha nikalia. Akanipa kipande cha kitambaa kilichobaki nifutie pua, akasema, "Hicho si cha mteja, futa vizuri."

25 Mei, Jumapili

Jua. Jua kabisa, matope yameanza kupasuka.

Gari lilifika asubuhi, wifi mbele, dereva mnene anayejishika kiuno kila akishuka. Wifi akaingia, "Mama yuko tayari?"

Nikamwambia Mama hayupo.

"Hayupo vipi?"

Alikuwa ametoka kupeleka zile aproni za mwisho kwa mwenye mikate. Aliamka, akajifanyia siafu wake, akafanya simama-kaa, akavaa lile gauni nililomshonea, akabeba furushi. Nilitaka kumfuata, akaniambia nibaki nimpokee mgeni. Wifi akashika kichwa. "Peke yake? Mpaka kona?" Nikamwambia, "Kona, na kurudi." Mume wangu alitaka kukimbia kumfuata, wifi mwenyewe akamzuia kwa mkono. Hata sasa sijui kwa nini alimzuia. Akatoka akasimama mlangoni, mimi nikasimama naye, dereva akakaa kwenye kizingiti. Tulisimama pale kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

Alichukua muda. Wifi alianza kuuma kucha, nami nikaanza, maana vitu hivi vinaambukiza.

Kisha tukamwona. Alikuwa anakuja taratibu, anayumba kidogo upande wa kulia kama ilivyo kawaida yake, na hakuwa ameshika ukuta wala uzio. Alisimama kwa muuza mkaa, wakacheka. Akasimama kwa mwenye duka, akamrekebishia kola. Akasimama pia pasipo na mtu, akapumua, akajipiga paja, akaendelea. Sikuwa nimemwona wifi akilia. Analia bila sauti, uso umetulia, machozi yanajiendea tu.

Mama akafika. "Mbona mmesimama kama mnangoja maiti? Habari za asubuhi, dereva."

"Mama," wifi akasema, "umetembea."

"Na nimerudi na mkate." Akanipa mkate, ungali wa moto. Kisha akakaa, na alipokaa niliona jinsi lilivyomuuma, hakuficha. Akamshika wifi mkono, akamvuta akae karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Goti limechakaa, halirudi. Kimashine chako ni kizuri, kinanipa pumzi, na pumzi ndiyo niliyokuwa naihitaji. Ukiniweka kwenye vigae nitapata choo cha ndani na miguu itakufa. Hapa nina mtu wa kukanyaga na kazi ya kukata. Niache nikate. Siku nikishindwa kwenda chooni mwenyewe, nitakuita kwa mdomo wangu, sitangoja simu ya mdogo wako."

"Utaniita kweli?"

"Nilikudanganya lini?"

"Ulisema kimashine kimepumzika."

Mume wangu ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Wifi akajaribu kukaza midomo, ikamshinda, akacheka na kamasi zinamtoka. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Bosi kwa nguvu hadi akalalamika.

"Sasa gari la watu," wifi akasema, anajifuta, "nimelitoa kwao bure."

"Halirudi tupu," Mama akajibu. "Hiyo nyumba yako sijaiona tangu uweke vigae. Twende wote, tule huko, nivikanyage nione kama vina utamu unaousema."

Tukapanda. Mama mbele, sisi nyuma tumebanana, Bosi juu ya magoti ya wifi anamvuta hereni. Mbele ya geti la wifi kulikuwa na dimbwi lililoachwa na mvua. Mama angeweza kulizunguka, nafasi ilikuwepo. Aliliangalia, akamnyooshea binti yake mkono, akasema, "Shika hapa." Wifi akamshika kama anashika yai, wakavuka.

Mlangoni Mama akageuka. "Dereva, utatungoja? Maana kesho nina suruali ya mtu."

Dereva akasema atangoja.